Siku Zangu za Kwanza Bruxelles

Watoto, mwaniuliza kila mara: "Mwalimu, Ulaya kukoje?" Leo nitawaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu anayefanya kazi Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji.

Nilitoka Fataki kwa motokari mpaka Mahagi, nikavuka mpaka Goli, nikaingia Uganda. Barabara ile ilinichosha kuliko ndege. Usiku nikapanda ndege Entebbe, na asubuhi nikachungulia dirishani. Nikaona mashamba yaliyonyooka kama kurasa za daftari, na hakuna kilima hata kimoja! Mtu wa Fataki hujiuliza: maji ya mvua yaelekea wapi?

Mdogo wangu alinipokea, tukapanda gari la moshi. (Ni jina tu, moshi halina, lavutwa na umeme.) Nilipoingia nikawasalimu watu wote kwa sauti, kama tuingiavyo nyumbani kwa mtu: "Bonjour!" Wote wakainua macho, kisha wakayashusha. Bibi kizee mmoja tu akaitika. Mdogo wangu akaninong'oneza: "Yaya, hapa hawasalimu gari zima." Nikawaza kwamba watu wale hawana adabu. Lakini siku ya tatu nilipotea njia, na kijana nisiyemjua akaacha safari yake, akanisindikiza mpaka mlangoni petu. Basi nikaona haya kwa mawazo yangu ya kwanza.

Katikati ya mji gari laingia chini ya ardhi. Kutoka huko wapanda ngazi zinazokwenda zenyewe. Nilisimama pale chini, mguu mmoja mbele, kama mbuzi kando ya mto, na watu wakingoja nyuma yangu.

Tukafika kwenye uwanja uitwao Grand-Place. Mnara wa jumba la mji una urefu wa mita 96, na juu yake imesimama sanamu ya Malaika Mikaeli. Mwaka 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji ule kwa mizinga, na nyumba zilizozunguka uwanja zikaungua. Wenyeji wakazijenga tena kwa miaka michache, nzuri namna hii. Nilikaa nikizitazama muda mrefu, nikikumbuka vijiji vya kwetu vilivyochomwa. Karibu na hapo kuna sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa. Watu hutoka nchi za mbali ili kuipiga picha, nayo ina nguo zaidi ya 1,000. Najua mtacheka.

Jua ndilo lililonishangaza kuliko yote. Ulikuwa mwezi wa Juni. Kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Huko, saa tatu na nusu ya usiku, watoto walikuwa bado wakicheza mpira nje, na mimi nikingoja giza ili nilale! Katika mwezi wa Desemba, kinyume chake, giza huingia kabla ya saa kumi na moja.

Siku ya Jumapili, baada ya Misa, tukapanda tramu namba 44, ikapita msituni mpaka Tervuren. Pale pana jumba kubwa la vitu vya Kongo. Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Bruxelles, Mfalme Leopold II aliwaleta huko watu 267 kutoka Kongo kwa meli. Wakawekwa katika vijiji vilivyojengwa kando ya maji, ili watu waje kuwatazama. Wakaja zaidi ya milioni moja. Mwaka ule mvua na baridi zilikuwa nyingi hata wakati wa kiangazi, na watu saba kati yao wakafa.

Makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane. Nilisimama mbele yao nikiwaza. Nao walikuwa wasafiri kama mimi. Waliona gari la moshi, nyumba ndefu za mawe, jua lililokataa kuzama. Walishangaa nini? Walicheka nini jioni, wao kwa wao? Katika yote niliyoyasoma siku ile, sikukuta neno moja la vinywa vyao. Waliotazamwa hawakuulizwa wameona nini.

Majina yao yamechongwa katika mawe: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Niliyasoma moja moja kwa sauti, kama ninavyoita majina yenu asubuhi. Mvua nyembamba ikaanza. Nilikuwa nimevaa koti zito, na bado meno yaligongana. Tukarudi kwenye tramu.

Maulizo. Mwalimu alipoingia katika gari la moshi alifanya nini? Kwa nini jua la Juni huchelewa kuzama Bruxelles, lakini si Fataki? Taja majina ya wale saba. Kisha andika barua fupi: mgeni wa Ulaya akifika Fataki leo, atashangaa nini kwanza?