Baiskeli Kericho na Bomet: maliza safari kabla ya radi

Msomaji, iwapo unanuia kutoka Kericho hadi Bomet kwa baiskeli mwishoni mwa mwaka, kupitia Litein na Sotik, angalia saa kuliko tarehe. Mvua za vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, lakini katika nchi hii ya majani chai asubuhi nyingi huwa shwari hata msimu ukiwa umekolea. Mambo hubadilika baada ya adhuhuri. Jua likishapasha ardhi moto, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya milima, mawingu hupanda, na alasiri mvua huanguka kwa kishindo. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

Kwa hivyo ondoka mara tu kunapopambazuka, na kufikia saa saba mchana uwe umefika unakolala. Njia hiyo ni ya karibu kilomita 80, na vilima vyake vinachosha. Asiye na mazoezi aigawe siku mbili, alale Litein. Anayeweza kungoja hadi Januari, ambao kwa kawaida ni mwezi mkavu, na angoje.

Hatari ambayo wengi huidharau ni baridi. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwendeshaji hutokwa na jasho akipanda kilima, mvua humlowesha, halafu akiteremka upepo humnyang'anya joto lililobaki. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yamo hatarini. Dalili ni kutetemeka, vidole kushindwa kubana breki, na kuongea kama mlevi. Mtetemeko ukikoma ilhali mtu bado ni baridi na amechanganyikiwa, usidhani amepata nafuu, amezidiwa. Mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi hadi kichwani ukiacha uso wazi, mpe chai ya moto yenye sukari endapo anaweza kumeza, kisha umpeleke hospitali. Pombe asipewe, wala usimsugue mikono na miguu.

Fulana ya pamba ikilowa haina faida. Beba sweta ya sufi na nguo kavu za kubadilisha, zifungwe zisiingie maji. Kurasa za gazeti zikitandazwa kifuani chini ya koti huzuia upepo vizuri. Hata za gazeti hili, ukishalisoma.

Sasa radi. Ukiona umeme na ngurumo ikasikika kabla hujahesabu sekunde 30, acha safari mara moja. Usijikinge chini ya mikaratusi. Vile vibanda vya kupimia majani chai, vilivyo wazi kando, huzuia mvua lakini havizuii radi. Ingia katika nyumba yenye kuta au matatu iliyofungwa madirisha, ukae humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengi huondoka mvua inapopungua tu, na hapo ndipo huumia.

Ukirudi barabarani, kumbuka kwamba raba za breki zilizolowa huchelewa kushika. Zibane kidogo kidogo tangu juu ya mteremko, usingoje kona.