Pwani kwa gari au kwa ndege? Hesabu usingizi kwanza

Mwenye duka mmoja wa Kiriaini alinijia mwezi wa Novemba akiwa na karatasi aliyoipigia hesabu pande zote mbili. Alitaka kuipeleka familia yake Mombasa kwa likizo ya Desemba: yeye, mkewe, watoto watatu, na mamake mzazi aliyepita umri wa miaka 70 ambaye hajawahi kuiona bahari. Upande mmoja wa karatasi aliandika petroli. Safari ni kama kilomita 600, gari lake hutumia lita moja kwa kila kilomita kumi, kwa hivyo ni lita 60 za kwenda na 60 za kurudi. Upande wa pili aliandika nauli za ndege, ambazo hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia. Petroli ilishinda kwa mbali.

Hata hivyo hakuwa na amani. Mamake ana ugonjwa wa presha, na jirani alikuwa amemwambia kwamba ndege huwaua wazee wenye presha. Binti yake wa miaka minane hutapika hata kabla matatu haijafika Murang'a mjini. Mtoto wa mwisho alikuwa na miezi 11. "Sasa niambie wewe unayejua mambo ya afya," akasema, "kipi hakitawadhuru watu wangu?"

Nilimwuliza ataondoka saa ngapi. Akajibu kama mtu aliyekwisha kuamua: atafunga duka saa nne usiku, saa tano wataingia garini, watoto watalala njiani, na asubuhi watakuwa Mombasa bila yeye kupoteza siku hata moja ya mauzo.

Msomaji, ni jibu hilo lililonitia hofu, wala si presha ya mama mzee.

Tuifuate saa ya baba huyu. Siku za kazi huamka saa kumi na moja alfajiri. Saa tano usiku anapowasha gari atakuwa amekaa macho kwa saa 18. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kuwalinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho kwa uzito ule ule wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humkosesha dereva ruhusa ya kuendesha. Baada ya saa 24 hali ilikaribia asilimia 0.10. Kwa hivyo rafiki yangu, ambaye ni mtu wa kanisa na haonji hata bia, angetoka Kiriaini akiwa kama aliyekunywa kidogo, na kufika Mtito Andei alfajiri akiwa kama mlevi.

Tena saa hizo ni mbaya zenyewe. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, nayo hupunguza nguvu za ubongo kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hata kwa mtu aliyelala vizuri jana yake. Hupunguza tena kidogo mchana, baina ya saa nane na saa kumi. Mtu anayesinzia kwenye usukani aghalabu hajui kwamba amelala. Macho hufunga kwa sekunde tatu au nne tu, na katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari huwa limekwenda zaidi ya mita 80 bila dereva. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, katika sehemu yake kubwa, ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na hiyo ya kurudi imejaa malori ya mizigo kutoka bandarini. Mita 80 ni nyingi mno.

Watu hutegemea dawa za kienyeji za usingizi: kufungua dirisha, kupandisha redio, kutafuna miraa, kuimba. Hakuna hata moja inayoondoa usingizi. Huuficha tu kwa muda mfupi. Kahawa husaidia kidogo, na sisi wa Mathioya tunaoilima tungepaswa kujua inavyofanya kazi: huchukua yapata nusu saa kabla ya kuanza kuamsha ubongo. Afadhali uegeshe mahali penye usalama, unywe kikombe kimoja, kisha ulale dakika 15 au 20. Utaamka kahawa ikiwa imeingia kazini. Lakini hata hilo ni la kukufikisha mji wa karibu, si la kukufikisha Mombasa.

Sasa ndege. Watu wengi huiogopa kwa sababu ikianguka, habari zake husikika dunia nzima. Sisi Wakenya hatujasahau ajali ya Abidjan mwaka 2000 iliyoua watu 169, wala ile ya Douala mwaka 2007 iliyoua watu 114. Lakini katika mwaka 2024 peke yake zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara zetu za Kenya, na wengi wao walitangazwa kwa mstari mmoja au miwili gazetini. Ukilinganisha kilomita kwa kilomita, ndege ya abiria ya kawaida ni salama kuliko gari la kibinafsi, na tofauti si ndogo.

Na ile presha ya mama mzee? Hewa ndani ya ndege ikiwa juu huwa nyepesi kama hewa ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hiyo si hewa ngeni kwa mtu wa Kiriaini, Othaya au Nanyuki. Safari ya Nairobi hadi Mombasa ni karibu saa moja. Mzee mwenye presha iliyotulizwa kwa dawa, anayepanda kilima kwenda shambani bila kuhema kupita kiasi, hana sababu ya kuogopa saa hiyo moja. Wanaohitaji kumwona daktari kwanza ni wale waliopatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, waliopasuliwa majuma machache yaliyopita, wenye maradhi makali ya mapafu, na wenye upungufu mkubwa wa damu. Mama mjamzito aulize kampuni ya ndege mapema, kwani nyingi hutaka barua ya daktari kuanzia juma la 28 na hukataa kumbeba baada ya juma la 36.

Ajabu ni kwamba hatari ambayo jirani alidhani iko kwenye ndege, iko zaidi kwenye kiti cha gari. Kukaa bila kusogeza miguu hufanya damu itembee polepole katika mishipa ya miguu, na inaweza kuganda. Donge hilo likikatika na kwenda mapafuni, mtu anaweza kufa ghafla. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, iwe ni kwa ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, lakini huwa kubwa kwa wazee, wanene, wajawazito na wale waliowahi kuganda damu. Kutoka Kiriaini hadi Mombasa kwa gari, pamoja na kupumzika, ni saa kumi hadi 12.

Hapa nina jambo la kusema juu ya mama zetu wazee. Wengi huona haya kuomba gari lisimamishwe, hivyo huacha kunywa maji tangu jioni iliyotangulia, na wengine huruka tembe yao ya presha siku ya safari kwa sababu inawakojoza. Joto la Kibwezi na Voi likiwakuta katika hali hiyo, damu huwa nzito, presha huyumba, na wanaposhuka garini huona kizunguzungu na kuanguka. Mwana asingoje kuombwa. Asimame kila saa mbili, awatembeze wote kwa dakika kumi, na amwulize mama yake kwa faragha kama amekunywa dawa. Dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari ambamo joto huziharibu. Mwenye kisukari anayetumia insulini asilisahau hilo kabisa.

Kwa watoto mambo ni mepesi zaidi. Anayetapika akae mahali anapoiona barabara mbele, asisome wala kuchezea simu, apewe chakula kidogo kisicho na mafuta kabla ya kuondoka, wala si chapati na soseji. Katika ndege, mtoto mchanga hulia wakati wa kushuka kwa sababu mfereji mwembamba unaounganisha sikio na koo huziba. Mpe titi au chupa ndege inapoanza kuteremka; kumeza huufungua. Mwenye mafua mazito au uchungu wa sikio aonwe kwanza. Garini, mtoto wa miezi 11 awe na kiti chake kilichofungwa. Mikono ya mama, hata akiwa na nguvu za kubeba gunia la chai, haiwezi kumshika mtoto gari linapogonga. Wengine wote wafunge mikanda, na wa nyuma pia. Marehemu John Michuki, mbunge wa jirani zetu wa Kangema, alipowalazimisha abiria wa matatu kufunga mikanda mwaka 2004 alichekwa sana, lakini mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa katika ajali hadi nusu.

Basi, nikamwambia apande ndege? La. Tulipoitazama safari ya ndege kutoka Kiriaini tuligundua mtego. Tiketi aliyokuwa ameiona, iliyo rahisi kuliko zote, ilikuwa ya saa moja asubuhi. Afike uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta saa kumi na moja, maana yake atoke nyumbani saa nane usiku, aamke saa saba, baada ya kufunga duka saa nne. Angelala saa mbili hivi, kisha ateremke kona za Mathioya katika ukungu na mvua ya vuli, aingie barabara ya Thika katika saa ile ile mbaya. Familia inayopanda ndege kwa usalama ingekuwa imeukimbilia msiba kabla ya kuiona ndege. Tiketi ya alasiri, au kulala kwa jamaa Nairobi usiku uliotangulia, ndiyo inayoifanya ndege kuwa salama kweli.

Ipo pia njia ya tatu, treni ya Madaraka iliyoanza mwaka 2017. Huchukua kama saa tano au sita, ina choo, mzee anaweza kuinuka na kutembea, na hakuna mtu wa familia anayehitaji kukaa macho. Shida ni kwamba viti vya Desemba huisha mapema sana.

Tulimaliza hivi. Mwenye duka alikubali, kwa kunung'unika, kufunga duka saa nane mchana. Walikwenda Nairobi kukiwa bado na mwanga, wakalala kwa dadake. Asubuhi mama mzee, mkewe na mtoto mchanga walipanda treni, kwa kuwa viti vitatu vilikuwa vimebaki. Yeye aliondoka saa kumi na mbili na watoto wawili wakubwa, wakapumzika Emali, Mtito Andei na Voi, akafika Mombasa jua halijazama.

Jambo moja nililomsisitizia halikuhusu gari wala ndege. Katika miinuko yetu malaria ni haba, kwa hivyo miili yetu haina kinga ya ugonjwa huo kama ya watu wa Pwani. Mtu wa Kiriaini anapokwenda Mombasa ni kama mtalii kutoka Ulaya: alale ndani ya neti kila usiku, ajipake dawa ya kufukuza mbu jioni, na amwulize daktari juu ya tembe za kinga, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Homa haiji mara moja. Huchukua angalau siku saba baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kumi hadi 15, yaani likizo imekwisha na watu wamerudi kwenye baridi yao, ambako kila homa huitwa mafua.

Walilala ndani ya neti siku zote isipokuwa usiku mmoja wa joto, watoto walipojifunua. Siku ya nane baada ya kurudi, yule binti wa miaka minane alianza kutetemeka na kuumwa na kichwa. Mamake hakungoja. Alimpeleka zahanati siku hiyo hiyo, na kabla hajaulizwa jina la mtoto akasema, "Tulikuwa Pwani." Akatolewa tone la damu kidoleni, na baada ya dakika 20 jibu likapatikana: ni malaria. Alipewa dawa mseto ya siku tatu, akaimaliza yote, na shule zilipofunguliwa Januari alikwenda pamoja na wenzake.