Akiacha lutuku, ale nini?

Swali: Dokta, mume wangu amekata lutuku. Jirani wananiambia nimpikie sana ili nguvu zirudi upesi. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia hospitali, Mama, sufuria baadaye. Aliyekuwa akinywa pombe kali hiyo kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka kifafa, hasa siku 3 au 4 za kwanza. Hapo chakula hakimwokoi. Na kama amekonda kwa kukaa bila kula, usimwekee mlima wa bukari. Mwili wenye njaa ya muda mrefu ukijazwa wanga kwa mkupuo, madini ya damu hushuka na moyo huweza kuyumba. Uji na supu ya samaki, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Swali: Lakini lutuku ni mahindi na mihogo. Si chakula kilekile?

Jibu: Kinachopita kwenye bomba la mtambo ni kilevi na maji. Protini na vitamini zimebaki katika pipa. Mnywaji anapata nguvu za kuchoma, hapati cha kujengea mwili, tena hamu ya kula inamtoka. Pombe pia huzuia utumbo kufyonza vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, ubongo huumia: mtu anachanganyikiwa, anapepesuka, macho yanachezacheza. Carl Wernicke, daktari Mjerumani, aliieleza hali hiyo mwaka 1881. Ndugu wakiona hivyo husema bado amelewa, wakamwacha alale. Msimwache! Anahitaji sindano za B1 siku hiyohiyo, na dripu ya sukari isitangulie peke yake.

Swali: Nyama hatuiwezi.

Jibu: Nani kasema nyama? Mko Kalemie, kando ya ziwa. Ndakala wakavu huliwa wazima, kichwa na mifupa, kwa hiyo mnapata protini na kalsiamu pamoja. Watie kwenye sombe iliyotwangwa vizuri na kuiva sana, ongeza karanga za kusaga na mawese kidogo. Kesho yake maharagi na lengalenga. Maharagi na karanga zina B1. Unga wa mihogo unayo kidogo mno, basi bukari ichanganywe na unga wa mahindi yasiyokobolewa. Vidonge alivyoandikiwa na daktari ameze. Vile vya kuchuuzwa barabarani, pesa hiyo nunua maharagi.

Swali: Kiu inamrudia jioni.

Jibu: Pengine ni njaa. Ini lililoumizwa na pombe huweka akiba ndogo ya sukari. Ikishuka anatetemeka, anakuwa mkali, anadhani anataka glasi. Mpe ndizi na karanga kabla ya saa yake ya zamani ya kunywa. Kiu ikibaki baada ya kushiba, hiyo si kazi ya jikoni: atafute mtu wa kuzungumza naye.

Swali: Munkoyo je?

Jibu: Ni kinywaji cha mahindi, lakini ukikaa siku kadhaa unakuwa pombe. Asiuguse.