SOMO: GOTI LILILOLIKA NA MZIGO WA MWANACHAMA

Mtu atembeapo, goti lake huelemewa na mzigo upatao mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, hasa upande wa ndani. Gegedu lifunikalo ncha za mifupa likilika upande huo, mguu huweza kupinda kama upinde, na hapo hapo palipolika huzidi kulemewa. Mzee hufupisha hatua, hukaza goti na kuinamia upande wenye maumivu. Wasiojua humdhania kuwa mvivu. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima (wengi hukosea hapa). Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa mgonjwa mnene apunguapo kilo 1, goti hupunguziwa kilo 4 hivi kila hatua. Kahawa kichwani nayo ni uzito. Katibu aipokee kidogo kidogo.