Likizo na Mbwa Wako: Kijitabu kwa Wenye Mbwa wa Kenya na Tanzania

Chanjo kwanza, safari baadaye

Kisiwa cha Pemba kiliwahi kuutokomeza ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Kampeni za kuchanja mbwa mtaa kwa mtaa, kijiji kwa kijiji, ziliuzima kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya virusi waligundua kwamba maambukizi yalikuwa yameingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikaanza tena, na kufikia mwaka 2018 ugonjwa ukawa umetokomezwa kwa mara ya pili. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kinaweza kuletewa ugonjwa namna hiyo, kijiji chenu kilichopo kando ya barabara kuu kina kinga gani zaidi ya mbwa waliochanjwa?

Kijitabu hiki ni kwa kila familia inayofikiria kumchukua mbwa wakati wa Krismasi, sikukuu ya Idi au shule zinapofungwa, iwe mnakwenda kwa babu na bibi bara au mnateremka pwani. Tunaanza na chanjo kwa sababu kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban asilimia 40 yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio hao hao wanaomkimbilia mbwa mgeni mara tu gari linapoingia uani.

Mbwa huchanjwa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka. Chanjo ya kwanza haifanyi kazi siku ile ile, kwani mwili wake huhitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Kwa hiyo mpeleke angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Hapo hapo uliza kuhusu chanjo ya distempa na ya parvo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Hakikisha kadi ya chanjo ina tarehe, namba ya toleo la dawa, na sahihi na muhuri wa daktari. Kadi isiyo na muhuri haitakusaidia kitu mbele ya afisa wa kizuizini.

Muulize pia daktari wa mifugo wa serikali wa wilaya au kaunti yako kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama. Tanzania inayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na Kenya inayo sheria mahususi ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365. Ukivuka mpaka utahitaji cheti cha afya ya mnyama na kibali cha kumwingiza nchi ya pili. Hayo hayapatikani kwa siku moja, na Zanzibar ina mamlaka yake ya mifugo, hivyo usidhani karatasi za Dar es Salaam zinatosha.

Ndani ya gari

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Hewa anayoivuta ikiwa ya moto, kuhema hakumsaidii. Nje kukiwa na nyuzijoto 30, ndani ya gari lililofungwa joto hufika karibu 40 kwa dakika kumi tu, na baada ya nusu saa hukaribia 50. Kuacha kioo wazi kwa upana wa vidole viwili hakubadilishi mengi. Mnaposimama kula, mmoja abaki naye kivulini au mle kwa zamu. Na tunasema bila kumung'unya maneno: buti la basi si mahali pa kiumbe hai, hata kondakta akikuhakikishia kwamba ni mwendo mfupi.

Dalili za joto kumzidi ni kuhema kwa nguvu bila kukoma, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kutapika na kuyumba. Msogeze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari hata akionekana amepata nafuu.

Hifadhini haruhusiwi

Kila mwaka kuna familia zinazorudishwa getini zikiwa na mbwa kitini. Hifadhi za taifa haziruhusu wanyama wa kufugwa, na sababu yake imeandikwa kwa vifo. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wake, kama elfu moja hivi. Virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mbwa hao walikuwa wa watu kama sisi, hawakuwa na chanjo. Ikiwa ratiba yenu inapitia hifadhini, mtafutie pa kukaa kabla hamjaondoka.

Kwa wenyeji

Piga simu uombe ruhusa, usimfikishe mbwa kwa kushtukiza. Katika nyumba nyingi za Waislamu, hasa pwani, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba kina namna yake maalumu ya kutoharishwa, na nguo iliyolowa mate yake haiswaliwi mpaka itoharishwe. Mwenyeji mwenye adabu anaweza kukaa kimya huku anataabika. Basi wewe uwahi: mbwa alale nje, mbali na mikeka ya kuswalia na jiko, na vyombo vyake utoke navyo kwenu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hatari ya siku ya kuchinja. Mbuzi anapopasuliwa, mtu huona vifuko vya maji kwenye ini au pafu, huvikata na kumtupia mbwa aliyeketi akisubiri. Vifuko hivyo vinaweza kuwa na vimelea vya ugonjwa wa hidatidi. Ndani ya utumbo wa mbwa hukua kuwa minyoo midogo sana, mayai yake hutoka na kinyesi, na mtoto anayemshika mbwa kisha kula bila kunawa huyameza. Miaka mingi baadaye uvimbe uliojaa maji hujitokeza kwenye ini au mapafu ya mtu, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Turkana imeteswa na ugonjwa huu kwa muda mrefu. Sehemu hizo zichomwe au zifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mifupa iliyopikwa nayo asipewe, kwani hupasuka vipande vikali.

Mbwa mzee, jike mwenye mimba na kitoto ambacho hakijamaliza chanjo wabaki nyumbani na mtu wanayemfahamu.

Akiuma mtu

Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo tu. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji. Mpeleke aliyeumwa kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo apewe chanjo, na amalize dozi zote. Mbwa asiuawe. Afungwe mahali salama aangaliwe kwa siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe. Dalili za kichaa zikishamtokea binadamu, kupona ni nadra mno, lakini chanjo ikitolewa mapema huzuia ugonjwa. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje ndipo uende hospitali.