Kodi ya Nyumba kwa Dola: Mpangaji Afahamu Nini?
Katika maeneo ya Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam, kodi za nyumba zimezoeleka kutajwa kwa dola, ilhali wafanyakazi wengi hulipwa kwa shilingi. Dola moja ikiuzwa shilingi 2,300, kodi ya dola 400 ni shilingi 920,000. Ikifika 2,700, kodi hiyo huwa shilingi 1,080,000, na mshahara haujaongezeka. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei au kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kabla ya kutia saini, dai mkataba wa shilingi. Kisha jumlisha kodi ya miezi inayotakiwa kwa mkupuo pamoja na ada ya dalali. Ndipo utakapojua kama nyumba hiyo unaimudu.