Kuridhika kwa Watumiaji wa Huduma ya Kuazimana baina ya Maktaba

Huduma ya kuazimana baina ya maktaba humwezesha msomaji kupata kitabu au makala visivyokuwamo katika maktaba ya chuo chake. Nchini Marekani, Maktaba ya Taifa ya Tiba ilianzisha mfumo wa DOCLINE mwaka 1985 ili maktaba za tiba zitumiane maombi kwa kompyuta.

Kuridhika kwa watumiaji hupimwa kwa kutimizwa kwa ombi, muda wa kusubiri, gharama na ubora wa nakala. Kwa tabibu, muda una uzito wa pekee: makala ikifika baada ya uamuzi wa matibabu, huenda isimfae tena mgonjwa yule.

Aidha, dodoso lisiishie kwa waliopata walichoomba. Waliokosa, na walioacha kuomba, nao waulizwe. Wao ndio wajuao upungufu wa huduma.